Usaili wa kazi za IT: kujimwambafai kwenye CV kunavyowanyima kazi vijana wanaoiweza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikikaa kwenye jopo la usaili wa watengeneza programu hapa Dar, zaidi kwa kazi za mifumo ya malipo kwa simu. Kuna jambo linaniuma na nimeamua kulileta hapa kwa sababu wengi wenu ni wahitimu mnaotafuta, au mko kazini na mnataka kuhama. Vijana wanaoiweza kazi wanaikosa kwa mistari miwili mitatu waliyoiongeza kwenye CV bila ulazima wowote. Siwazungumzii matapeli. Nawazungumzia watu ambao wangesema ukweli mtupu wangechukuliwa.

Tuanze na miaka. Flutter, zana ya Google ya kutengeneza programu za simu, toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Lugha ya programu ya Swift ilitangazwa na Apple Juni 2014, na mwezi huohuo Google wakaitoa hadharani Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi. Sasa unashika CV ya mwaka 2022, mtu ana "miaka minane ya Flutter". Afisa wa HR anaweza asishtuke. Fundi aliyekaa pembeni yake anashtuka, na kuanzia hapo kila mstari anausoma kwa jicho la shaka, hata ile ya kweli. Miaka miwili ya Flutter na programu moja inayoonekana Play Store ingetosha kabisa.

Zito zaidi ni kuichukua kazi ya timu nzima ukaifanya yako. CV inasema: "Nilijenga mfumo wa malipo wa kampuni." Jopo linafurahi, maana ndiye mtu tunayemtafuta. Kisha mazungumzo yanakwenda hivi, na nimeyasikia kwa sura hiihii kutoka kwa watu tofauti:

– Mteja akibonyeza "Lipa", nini kinafuata?
– Anapata ujumbe kwenye simu, anaweka namba ya siri, malipo yanakamilika.
– Seva yako inajuaje kwamba yamekamilika?
– Mtandao wa simu unaturudishia majibu.
– Majibu yasiporudi? Mteja ameshakatwa pesa, kwako oda bado inasomeka "inasubiri".
– Hapo tulikuwa tunawasiliana nao.
– Na yakirudi mara mbili kwa muamala mmoja?

Kimya.

Aliyejenga mfumo huo hawezi kunyamaza hapo, maana swali hilo limeshamwamsha usiku. Angesema kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, na seva kabla ya kuongeza salio inaangalia kwanza kama namba hiyo imeshashughulikiwa. Angesema kuna kazi inayojiendesha yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, inakwenda kuuliza hali ya miamala iliyokwama. Angesema asubuhi wanalinganisha ripoti ya mtandao wa simu na kanzidata yao, na ikipungua hata shilingi mia lazima itafutwe ilikokwenda. Na angelalamika. Waliojenga kweli hulalamika sana: nyaraka za API (njia ya mfumo mmoja kuwasiliana na mwingine) zimepitwa na wakati, mazingira ya majaribio hayafanani na ya kazi halisi, barua pepe hazijibiwi siku za sikukuu. Malalamiko ya namna hiyo hayapatikani kwenye mafunzo ya YouTube.

Mmoja kati ya hao tulipomuuliza taratibu ikajulikana kuwa alichotengeneza ni ukurasa wa wakala kuangalia miamala yake. Akaueleza vizuri mno: jinsi alivyoufanya ufunguke kwenye simu za bei ndogo zenye intaneti ya kusuasua, jinsi alivyoleta miamala ishirini ishirini badala ya yote kwa mpigo, jinsi alivyohifadhi orodha ya mwisho kwenye simu ili wakala asione ukurasa mweupe mtandao ukikata. Hiyo ni kazi ya maana, na sisi tulikuwa tunaihitaji. Kwenye CV hakuiandika popote. Nafasi ile ilikwenda kwa mwingine, kwa sababu wenzangu wawili walishaamua kwamba huyu si wa kuaminiwa kwenye mfumo unaogusa pesa za watu.

Takwimu nazo. "Niliongeza kasi ya mfumo kwa asilimia 300." Ulipima nini, kwa saa ipi, kutoka wapi kwenda wapi? Aliyefanya atakuambia ripoti ya mwezi ilikuwa inachukua dakika nne, akagundua kanzidata inapekua jedwali zima, akaweka faharasa (index) kwenye safu ya tarehe, ikashuka hadi sekunde sita. Asilimia hana habari nayo.

Orodha ya lugha kumi na tano za programu sitaijadili. Mnajua wenyewe.

Wasomi wameshalipima jambo hili. Julia Levashina na Michael Campion walichapisha mwaka 2007 utafiti uliohusisha wanafunzi wa vyuo wanaotafuta kazi, na zaidi ya asilimia 90 walikiri kupamba kwa namna fulani wakati wa usaili. Upambaji unaokaribia uongo wenyewe ulikuwa kati ya asilimia 28 na 75, kutegemea aina. Kwa hiyo silaumu kizazi hiki wala nchi hii. Ninachotaka tujadili ni namna ya kutoka hapo.

Nawasilisha.

#2

Mkuu umeongea ukweli, ila umeanzia mwisho. Anzia kwenye matangazo ya kazi. Tangazo linasema "nafasi kwa anayeanza kazi", ukishuka chini wanataka uzoefu wa miaka mitano, lugha nne, ujuzi wa seva, usalama wa mitandao, na uweze kutengeneza printa ya ofisi. Mimi nimehitimu juzi. Nikiandika ukweli CV yangu haifiki hata kwa huyo fundi wako anayejua tarehe za Flutter. Inachujwa na HR anayehesabu miaka kwa kalamu. Tumefundishwa kuongeza chumvi na waajiri wenyewe, halafu mnakaa mezani mnatushangaa.

#3 Mleta uzi

Mkuu #2, hilo nakubaliana nawe kwa moyo wote, na si la Tanzania peke yake. Julai 2020 Sebastián Ramírez, aliyeitengeneza FastAPI, zana ya Python ya kujengea API, alieleza hadharani kwamba ameona tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka minne na zaidi wa FastAPI. Hangeweza kuomba, maana yeye mwenyewe alikuwa ameitengeneza mwaka mmoja na nusu tu nyuma. Anayeandika tangazo la hivyo anaomba uongo, na ataletewa.

Ofisini kwetu nilipigania tangazo liandikwe na mtu atakayefanya kazi na huyo mwajiriwa. Miaka ikaondolewa, tukaandika atakachofanya kwa miezi mitatu ya mwanzo. Maombi yaliyokuja yalikuwa ya ukweli zaidi, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lakini kwako wewe unayetafuta leo, usisubiri waajiri wabadilike. Omba hata kama hutimizi yote. Mahali pa miaka andika kazi: "mradi wa mwaka wa nne, fildi ya miezi miwili, programu ya duka la mjomba inayotumika mpaka sasa". Duka la mjomba lenye watumiaji watatu wa kweli nitaliuliza maswali nusu saa nzima. Linanipa la kuuliza.

#4

Salamu kutoka Nairobi, wadau.

Niongeze upande wa kazi za mbali, maana huku wengi wetu tunafanyia kampuni za nje. Huko uongo umevuka mipaka ya CV, na sisi waaminifu ndio tunaolipa gharama. Tarehe 28 Juni 2022 FBI ilitoa onyo kuhusu watu wanaoomba kazi za mbali kwa kutumia sura na sauti za kughushi kwenye usaili wa video. Mwezi uliotangulia serikali ya Marekani ilikuwa imeshaonya kuhusu mafundi wa IT wa Korea Kaskazini wanaoajiriwa kwa majina ya watu wengine. Julai 2024 kampuni ya usalama wa mitandao, KnowBe4, ilijitokeza yenyewe ikasema imemwajiri mmoja. Alipita usaili wa video mara nne, picha yake ilikuwa imerekebishwa kwa akili mnemba, na kompyuta aliyotumiwa ilianza kupakiwa programu hasidi mara tu ilipofika. Mwaka 2025 mama mmoja wa Arizona alihukumiwa kifungo cha miezi 102 kwa kuhifadhi nyumbani kwake kompyuta za mpango kama huo, uliogusa kampuni zaidi ya 300.

Matokeo yake ukiomba kazi ukiwa Nairobi au Dar unatazamwa kama mshukiwa kabla hujafungua mdomo. Unaambiwa washa kamera, pitisha mkono usoni, geuza kichwa, onyesha chumba. Na kuna wenzetu wanaokodisha akaunti zao za kazi za mtandaoni kwa wengine, au wanaosomewa majibu sikioni. Kila anayekamatwa anatufungia mlango wengi.

Halafu jambo la mleta uzi kuhusu malipo ni kweli kabisa. Mimi nikimhoji mtu anayedai ameunganisha Daraja, ile API ya M-Pesa ya Safaricom, namuuliza tu: ulikuwa ukiona namba gani za makosa mara nyingi? Aliyefanya atataja 1032 bila kufikiri, mteja amekataa ombi, na 1037, simu ya mteja haikupatikana. Hizo mbili utakutana nazo ndani ya saa ya kwanza ya kazi.

#5

Mimi niko upande wa HR, jamani msitusimange sana.

Vyeti tunavihakiki. Elimu ya sekondari tunauliza Baraza la Mitihani (NECTA), shahada za nje zinapita Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tangu Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea pale Dodoma ripoti ya watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini, hakuna ofisi makini inayochukua cheti kwa kukiangalia muhuri tu. Na ukubwa wa cheo haukingi. Scott Thompson alianza kazi ya ukurugenzi mkuu wa Yahoo Januari 2012. Wasifu wake ulisema ana shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta kutoka chuo cha Stonehill. Mwanahisa mmoja akafuatilia, ikaonekana shahada ni ya uhasibu tu. Mei mwaka uleule akaondoka.

Tusichoweza kuhakiki sisi ni ustadi. Nikimpigia mwajiri wa zamani ananithibitishia tarehe na cheo. Kama uliandika wewe au aliandika jirani yako wa meza, hilo hanijibu, na mara nyingi hajui. Hapo tunawategemea mafundi, na mafundi wengi wanakuja kwenye jopo bila swali hata moja waliloliandaa.

#6

Naomba kupinga kidogo.

Mleta uzi anasema uongo unawanyima watu kazi. Mimi nimeona kinyume. Waongeaji wanapata, wakimya wanabaki. Nimefanya kazi chini ya mtu aliyeingia kwa maneno na mpaka leo ndiye bosi wa idara. Na huo utafiti wa 2007 ulioutaja, wenyewe ulikuta kupamba kunahusiana na kuitwa usaili wa pili au kupewa kazi. Hilo mbona umelipita?

Upande wa pili, wanaoweza wanaachwa. Max Howell aliandika Homebrew, programu iliyokuwa ikitumiwa na wahandisi wengi wa Google wenyewe, na mwaka 2015 akasema walimkataa kwa kushindwa kujibu ubaoni swali la kugeuza mti wa matawi mawili (binary tree). Kwa hiyo usaili unapima kuongea na kukariri. Kijana akijua hivyo, kwa nini asiongee?

#7 Mleta uzi

Mkuu #6, pingamizi lako ni zito na nalipokea. Ni kweli utafiti ulikuta hivyo, na ni kweli wapo walioingia kwa maneno wakakaa. Ila angalia ni usaili wa aina gani uliowaingiza. Ni ule wa "tueleze kuhusu wewe mwenyewe", kila mwanajopo anauliza linalomjia, mwisho mnapiga kura kwa hisia. Usaili wa namna hiyo unampenda muongeaji, na lawama ni ya jopo.

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe aifanye kulihusiana na utendaji wake wa baadaye kwa 0.54 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Miaka ya uzoefu ilipata 0.18 tu, ile miaka ambayo matangazo yanaililia na vijana wanaidanganyia. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu kwa uangalifu zaidi, takwimu nyingi zikashuka, na usaili wenye maswali yaliyopangwa, yaleyale kwa kila mtu, ukatoka juu kabisa kwa 0.42.

Sisi tulibadilisha hivi. Anayekuja anapewa kompyuta yenye intaneti, saa moja na nusu, na programu ndogo iliyoandikwa kwa Python yenye kasoro. Inasoma faili la miamala ya siku moja na kutoa jumla kwa kila wakala. Jumla haziko sawa. Ndani kuna namba za kumbukumbu zilizojirudia, kuna muamala uliorejeshwa unaohesabiwa kama malipo, na kuna miamala ya saa sita usiku inayoangukia siku isiyo yake kwa sababu seva inasoma saa za Greenwich na duka liko Kariakoo, saa tatu mbele. Atafute mtandaoni, aulize akili mnemba akitaka. Baadaye anakaa nasi anatueleza alichokikuta, kwa mpangilio alioukuta.

Hapo maneno hayamsaidii mtu. Kuna aliyekuja na CV ya kutisha, akabandika faili lote kwenye akili mnemba, akapata programu mpya nzuri kuliko ya kwetu, na jumla bado hazikuwa sawa. Hakujua, kwa sababu hakuwahi kuhesabu wakala hata mmoja kwa mkono. Na kuna binti aliyemaliza kasoro mbili kati ya tatu, ya tatu akaandika kwenye karatasi: "Wakala huyu ana tofauti ya miamala miwili, yote ya baada ya saa sita usiku. Sijajua kwa nini." Tulimchukua huyo. Sentensi ile ya mwisho wengi wangeificha, na kwangu ndiyo iliyompa kazi. Kwenye pesa za watu namtaka anayesema "sijajua" mapema, kabla mawakala hawajaanza kupiga simu.

Kwa hiyo kwa swali lako, kwa nini asiongee: aongee, lakini ajue kuna ofisi zinazoendelea kuhamia huku, na zinalipa vizuri kuliko zile za kupiga kura kwa hisia. Akiingia kwa maneno kule kwingine, mwezi wa kwanza atapewa kazi aliyodai anaijua. Nimewaona watu wakilala ofisini wakijaribu kujifunza kwa wiki moja kilichoandikwa "mtaalamu" kwenye CV yao. Ni mateso ambayo simtakii kijana yeyote.

#8

Habari zenu. Nasoma hapa kimyakimya siku zote, leo naomba nichangie.

Nafikiri kuna kundi mmelisahau, la sisi tunaojipunguza. Wasichana wengi niliosoma nao wako hivyo. Mimi niko SACCOS moja mkoani, kazi yangu ya kwanza. Walikuwa na daftari za wanachama kwenye Excel, faili nyingi, kila mhasibu na mtindo wake. Nimezihamisha zote kwenye kanzidata. Jina moja lilikuwa limeandikwa Mohamed, Mohammed, Muhamedi, na ni mtu yuleyule mwenye hisa mahali patatu. Niliandika programu ya kuyabaini majina yanayofanana, nikakaa na mhasibu tukayapitia. Kwenye CV nimeandika: "Nilisaidia katika uhamishaji wa data." Nilihofia nikisema nilifanya mimi nitaonekana najisifu, na kwamba wataniuliza nitashindwa.

#9 Mleta uzi

Dada yangu #8, asante sana kwa kujitokeza. Mstari wako nao hauko sahihi, kama ulivyo wa yule wa miaka minane ya Flutter. Jopo linausoma linadhani ulikuwa unapiga chapa.

Andika hivi: "Nilihamisha daftari za wanachama wa SACCOS kutoka Excel kwenda kwenye kanzidata. Niliandika programu ya kubaini wanachama waliosajiliwa zaidi ya mara moja kwa tahajia tofauti. Mhasibu alithibitisha kila jina kabla ya kuunganisha." Kila neno hapo umelitoa wewe. Mhasibu umempa haki yake, na wewe umechukua yako. Idadi ya wanachama iweke kama unaijua kwa uhakika, usikadirie.

Kisha jiandae kwa swali moja ambalo mimi ningekuuliza: ulijuaje kwamba hakuna akiba ya mtu iliyopotea njiani?

#10

Jumla ya hisa, akiba na mikopo ilibidi zilingane pande zote mbili kabla hatujaifunga Excel. Mara ya kwanza zilikataa. Tulitafuta siku nzima, tukakuta faili moja lina safu zilizofichwa, wanachama waliojitoa lakini hawajalipwa akiba yao. Hakuna aliyekuwa anakumbuka kwamba wapo.

#11 Mleta uzi

Hilo nalo liandike kwenye CV. Na ukiona tangazo letu la mwezi ujao, omba.